Chini ya Kiti

Drahomíra alikuwa karani wa bima ya wachimba makaa
hadi mgodi ulipofungwa, mikono yake ikakosa fomu.
Ndipo akakodi chumba juu ya duka la baiskeli, pale Ostrava,
akabandika karatasi mlangoni:
Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Njoo ujirekebishe. Chai ipo.

Tulikuja wanne. Baadaye kumi na sita, kumi na saba pamoja naye.
Hakutufundisha kujipigia makofi wala kujisifu mbele ya kioo.
Alitoa daftari, akamuuliza kila mtu:
wiki hii umechukua nini kisicho chako?
Radovan alitaja dakika kumi za mwajiri.
Mimi nilitaja supu ya dada yangu,
niliyoiita yangu mbele ya wageni.
Aliandika. Hakukunja uso, hakucheka.
“Kesho rudisha,” alisema.
Somo zima ndilo hilo.

Asikwambie mtu, kurudisha kuna uzito.
Nilimpigia dada simu, nikasema ile supu ni yako.
Akanyamaza, kisha akauliza kama naumwa.

Mwaka wa tisa, Januari, theluji imeziba madirisha,
Květa aliangusha glavu.
Akainama, akakawia kule chini
kuliko glavu inavyohitaji.
Alipoinuka alikipindua kiti chake taratibu,
kama anayemgeuza mtoto aliyelala:
mhuri wa wino wa buluu,
Shule ya Msingi, Mtaa wa Wahunzi. Namba 212.

Tukapindua na vyetu.
Nyani haoni kundule, walisema wahenga;
hawakusema kundule laweza kuwa na mhuri na namba.

Drahomíra hakusema shule ilikuwa imekwisha kufungwa,
ingawa ilikuwa imefungwa.
Hakusema vingeozea mvuani, ingawa vingeoza.
Alifungua ukurasa mpya wa daftari
akaandika, kwa mara ya kwanza, jina lake mwenyewe,
kalamu ikakwaruza, wino umeganda kwa baridi.

Usiku ule tulivibeba, miguu ya viti ikitazama mbingu.
Tramu ilitupigia kengele; hatukujua ni salamu au matusi.
Shule ya Mtaa wa Wahunzi siku hizi ni ghala la matairi.
Mlinzi alitoka na mkate mdomoni.
“Mnauza?”
“Tunarudisha.”
“Kwa nani?”

Swali hilo halikuwamo daftarini.

Tulisimama mpaka kope zikaingia barafu.
Mwishowe mlinzi akachagua kimoja, kibovu kuliko vyote,
akakikalia, akasema kinamtosha,
akatufungia lango.

Vilivyobaki tukarudi navyo. Kumi na sita.
Tangu hapo Drahomíra huendesha somo akiwa wima,
magoti yakimlia kama bawaba,
na swali lake ni lile lile.
Radovan alimletea stuli. Akaitundikia koti.

Nami kila Alhamisi, chai ikimiminwa,
mkono wangu hushuka wenyewe chini ya kiti,
ukapapasa pale palipo na namba.