Skani 0043

Usiku wa Aberdeen. Mvua inakuja kwa ubavu,
shakwe wanagombana juu ya paa la Bi Geddes,
na mimi nimelivunja daftari langu kwa mkono wangu.

Kosa dogo. Folda iliyoitwa Karatasi
nimeibatiza Nyaraka, nikaona ndilo jina la heshima,
na papo hapo viungo mia mbili na kumi na kimoja
vikawa vyekundu kama macho ya mtu wa zamu.

Zamani nilikuwa nazimeza PDF nzimanzima
ndani ya daftari: mkataba wa chumba, hati za mshahara,
barua ya viza, kurasa kumi na nne za vitisho vyenye adabu,
mwongozo wa mashine ya kufulia kwa lugha tisa,
hata moja si yangu.
Daftari likavimba. Likawa linafunguka
kama mlango wa ghala ulionyeshewa.
Fergus wa stoo, pale hospitali, akaniambia:
Usililishe mafaili. Lionyeshe njia tu.
Faili likae kwake, daftari lijue linakokaa.

Basi nikapanga. Tarehe mbele, mtoaji katikati, jambo mwishoni,
herufi ndogo, bila nafasi, bila hasira.
(Moja tu niliiita mwenye_nyumba_huyu_ataniua.
Ipo mpaka leo. Sijaibadilisha.)
Na kila moja nikaifungulia ukurasa wake,
mistari miwili: hii ni nini, kwa nini naitunza.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
alikuwa akisema baba, karani wa mizigo, stesheni ya Tabora,
akigonga kalamu mezani kwa kila neno.
Hakusema daftari lenyewe likipotea
uandike wapi.

Saa saba. Narekebisha kimoja kimoja.
Bima: kijani. Kodi ya manispaa: kijani.
Cheti cha chanjo, kijani. Chai imepoa, naipasha, inapoa tena.
Halafu skani_0043.
Ukurasa wake mtupu. Hii ni nini: hakuna.
Kwa nini naitunza: hakuna.

Dada Tunu aliituma wiki ile ya arobaini,
pamoja na nyingine thelathini, nami sikuzifungua.
Nilikuwa nasema kesho.
Nikitafuta neno lolote lililomo, mashine haioni kitu;
kwake ile ni picha, doa tu lenye kingo nne.

Nafungua. Iko kichwa chini, miguu juu.
Naizungusha.
Leja ya mizigo. Mwandiko wa baba,
ile zeta yake yenye mkanda kiunoni:
Asali, madebe 12, kwenda Mpanda.
Chumvi, magunia 40. Moja limechanika.
Baiskeli 1, haina mwenyewe.
Na pembeni, kwa penseli, nje ya mistari ya shirika,
mahali ambapo karani hatakiwi kuandika:

Leo kijana amepimwa viatu. Namba 5. Anakua

kisha neno moja, limefifia.
Nakuza picha. Asilimia mia mbili. Mia nne.
Ni haraka, au ni hasara?
Anakua haraka. Anakua hasara.
Kwa kumjua yule mzee, yote mawili yanawezekana.

Naandika chini ya kiungo, herufi kwa herufi,
asali, chumvi, baiskeli isiyo na mwenyewe,
naandika haraka, mkwaju, hasara, alama ya kuuliza.
Kwa nini naitunza:
hapo nakaa muda, kidole juu ya kitufe,
naacha wazi.

Vimebaki viungo mia na themanini. Zamu ni saa moja.
Kabla sijafunga, kwa kujaribu tu,
naandika kwenye kisanduku cha kutafuta: viatu.

Matokeo mawili.
Risiti ya buti za theluji, Union Street, namba tisa.
Na baba.