Mguu Juu

Katuba, Jumapili, nyuma ya kanisa la matofali,
tunapanga mistari miwili, wanaume huku, wanawake kule,
na Chola anaipasha moto karindula yake ya bidoni
mpaka ngozi ya mbuzi ikubali.
Hatua tatu mbele, tatu nyuma,
zunguka na mwenzio, mwachie, chukua wa jirani,
kisha mguu juu.
Kimya cha pigo moja.
Halafu tunashuka wote, vumbi jekundu linatupokea.

Wageni huuliza: pale mnasubiri nini?

Mama Ngosa husema tunamsubiri Mulumbwa,
aliyeingia zamu ya usiku kwenye tanuru la shaba
na asubuhi jina lake likaitwa mara mbili
pasipo mtu kuitika. Pigo hilo ni lake.
Mzee Kabwita anacheka: Mulumbwa gani?
Mpigaji alikuwa anafuta povu la munkoyo mdomoni, basi.

Mimi nina habari ya babu, mpishi wa Bwana Obisoni,
Mwingereza wa reli, mjane, miguu mirefu kama korongo.
Jioni, sahani zikishaoshwa,
bwana alitoa kinanda cha kuvuta, kidogo kama mkate,
akapiga ngoma ya kijijini kwao,
ya kuchezwa ghalani baada ya mavuno, mistari miwili,
iliyotungwa, alisema, na msaga unga
aliyekimbiwa na mchumba mlangoni pa kanisa.
Babu aliidaka kwa mluzi, akisugua sufuria,
akaishusha kambini usiku uleule
pamoja na tundu lake katikati,
kwa maana kitufe kimoja cha kile kinanda
kilikufa kwa unyevu, ndani ya meli, hata hakijafika Katanga.

Ndiyo hiyo tu. Kitufe.

Mwaka jana mjukuu wa Kabwita alikuja na simu:
ngoma ileile, imepigwa hukohuko Uingereza,
nzima, noti zimejaa kama punje za muhindi.
Tulisikiliza. Mtu akasema, aa, hawa wanakimbia.
Tukajipanga hata hivyo.
Ilipofika pale, noti ikalia, nyembamba, ngeni,
na sisi mguu juu, wote,
hata Kabwita na goti lake bovu,
Mama Ngosa akiita kwa sauti ya chini
Mulumbwa,
Mulumbwa.

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme habari ya kitufe.
Vumbi likaingia.