Tabaka la Tatu

Pangani, nyuma ya ukuta wa mabati,
tumepewa siku nne kabla ya zege.
Mutinda, msimamizi, huuliza kila asubuhi:
"Bado hamjapata dhahabu?"

Tumepata vizibo vya soda. Chini yake, msumari wa reli,
sahani ya bati iliyobanduka rangi,
kisha majivu, laini kama unga wa wimbi,
na ule udongo mweusi wa kunata, unaong'ang'ania kiatu
kama mdai.

Nilidhani nyakati hupokezana kama mabawabu wa zamu,
huyu akiingia, yule anatoka.
Lakini kuta za shimo hazina mstari.
Rangi inafifia ndani ya rangi;
hakuna aliyeamka akaambiwa
jana imekwisha, tandika upya.

Ndipo chekeche la Kerubo likabakiza kigae cha chupa,
kijani, cha mvinyo wa mgeni fulani.
Tukakigeuza juani. Ukingo umemegwa, kidogo kidogo,
na mkono uliozoea jiwe jeusi la Naivasha,
mkono uliookota kioo kigeni
ukakipa kazi ya zamani:
kukwangua ngozi.

Mutinda akakishika, akajikata kidole.
"Kumbe bado kina makali," akasema,
akakinyonya kidole, akanyamaza.
Siku hiyo hakutaja dhahabu tena.

Kerubo anaandika kwenye mfuko: *Tabaka la tatu.*
Anasita, kalamu hewani.
Anaongeza: *na la pili.*