Nusu kwa Nusu

Klaksvík, Februari. Rannvá amepiga magoti
mbele ya injini aliyouziwa pamoja na boti,
tochi mdomoni, kidole ndani ya tangi.
Kinatoka na uji wa kutu.
Kijani? Buluu?
Rangi yenyewe imesahau ilikuwa rangi gani.

Dukani, chupa tano rafuni.
"Usiamini rangi," alisema Høgni wa kaunta,
"rangi ni nguo tu. Changanya koo mbili zisizopatana,
zitaganda kama ute, ziikabe pampu."
Hakusema achukue ipi.

Basi akampigia Hanus, aliyemuuzia,
huko kwenye nyumba ya wazee, Tvøroyri.
Muuguzi alimwonya:
siku hizi hata jina la mkewe humponyoka.

Simu ikakaa kimya. Kisha:
"Buluu. Ya dumu lenye mpini mweusi.
Suuza kwanza, mara tatu, mpaka yatoke maji ya kunyweka.
Nusu dawa, nusu maji ya betri.
Ya bomba hapana, yatazaa kutu humo ndani.
Legeza skrubu ya juu, hewa ipumue.
Usiharakishe."

Akapima kwa kikombe cha chai,
kimoja, kimoja,
akapoteza hesabu, akaanza upya.

Injini ikakohoa, ikashika.
Mshale ukapanda hadi themanini na mbili,
ukatulia.

Akapiga tena, akaisogeza simu karibu na silinda.
Upande wa pili mzee alisikiliza, muda mrefu.

"Huyo," akasema.
"Huyo namjua."