Hesabu ya Vifungo

Tone la damu ya shangazi Ayikoru
nimelipaka mwenyewe juu ya kioo,
nikalikausha, nikalitia rangi ya zambarau, nikaliosha,
saa nne usiku, jenereta ikikohoa nyuma ya wodi,
Arua yote giza isipokuwa sisi na kituo cha mafuta.

Sheria ya maabara: hesabu mia moja.
Si tisini, si mia na moja.
Jicho kwenye hadubini, gumba kwenye kidude.
Tik.
Neutrofili: kiini vipande vitatu, vinne,
vimeshikizwa kwa uzi mwembamba kuliko uzi.
Tik, tik, tik.
Limfosaiti: kifungo kimoja cha duara
kinachojaza shati zima.

(Vifungo alinifundisha yeye.
Miaka sita, nimeketi chini ya cherehani,
naokota vilivyodondoka, natenga:
vya matundu mawili huku, vya manne kule.)

Themanini na mbili kwa tisa.

Dakta Ejoyi ana daftari la utafiti,
wenye kiharusi, siku ya kwanza, ya nne, ya kumi.
Gawanya hizi kwa zile, anasema.
Jawabu likiwa kubwa, mkono huchelewa kurudi,
na wakati mwingine husahau njia.
Nikagawanya. Tisa.
Nikaiandika ndogo, kana kwamba udogo wa mwandiko
ungepunguza kitu.

Kwa familia alieleza kwa mfano wa askari:
mshipa umeziba, ubongo umepiga kelele,
askari wa damu wamekuja mbio kuokoa,
sasa wanavunja hata milango ya wenyeji.
Baba mdogo Andama akatazama sakafu.
Kwetu mfano huo hauhitaji kufafanuliwa.
Mwaka wa themanini shangazi alivuka kwenda Kongo
na kichwa cha cherehani juu ya kichwa chake,
miguu ya chuma akaiacha imesimama ndani ya nyumba,
kama mtu aliyeambiwa asubiri.

"Bado," akasema kutoka kitandani.

Ndilo neno pekee kiharusi kilimbakizia.
Unataka maji? Bado.
Unaumwa? Bado.
Jina lako nani, mama? Bado, bado,
na machozi upande mmoja wa uso.

Siku ya nne nilijaribiwa.
Najua mahali pa kudanganya:
ukingoni mwa tone neutrofili husukumana,
katikati limfosaiti hujificha kwa wingi.
Sogeza kioo nywele moja tu
na shangazi anapata nafuu kwenye karatasi.
Lakini huyu ni mtu aliyefumua pindo lililopinda
la gauni la harusi, bibi harusi analia mlangoni.
Nikapita njia ya zigizaga, kama tulivyofundishwa.
Sabini na nne kwa kumi na sita.

Siku ya kumi: sitini na moja
kwa ishirini na tisa.
Nikahesabu tena. Sitini. Ishirini na tisa.
Dakta akatabasamu, kisha akajirekebisha:
"Hii ni habari ya watu wengi, Candiru.
Yeye ni mmoja."

Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka
kama kitambaa ambacho mteja hajarudi kukidai.
Nikatoa kifungo mfukoni mwa koti langu jeupe,
nikakiweka kiganjani mwake.
Shangazi, matundu mawili au manne?
Akakitazama muda mrefu.
Midomo ikatafuta, ikapapasa,
kama anayetafuta sindano gizani kwa ulimi.
"Ma," akasema.
"Ma."
Kisha: "Bado."

Kwenye fomu hakuna safu ya neno hilo.
Nikaliandika pembeni, kwa penseli.

Usiku ule sikuona kidole kikisogea.
Asubuhi kifungo kilikuwa kimegeuka, uso chini.
Labda muuguzi alipotandika.
Sikumwuliza.