Asiye na Vidole

Inuuteq, mwana wa kaka yangu, amerudi na kazi ya shule:
chagua mmoja katika visa vya kale, useme unampendea nini.
Nusu ya darasa wamemchukua mwenye nyundo ya radi.
"Nawe, shangazi?"

Nikaweka kisu. Nilikuwa napaa samaki kwa mkono wa kushoto,
maana wa kulia umebaki na gumba na kidole cha shahada.
Vitatu vilimezwa na mashine ya kumenya uduvi,
zamu ya usiku, mwezi wa Machi,
mwaka ule barafu ilipochelewa kushika ghuba.

Mimi, nikasema, nampenda yule wa chini.
Mama wa Vilindi.

Walivyomtenda unajua. Baba yake mzazi
alimtosa dhoruba ilipochacha,
mashua ipate wepesi.
Akang'ang'ania ukingo. Baba akashika shoka.
Pingili za kwanza zikaanguka, zikawa sili.
Za pili, sili wenye ndevu.
Za mwisho zilipopiga maji
nyangumi alipumua.

Hapo wasimulizi hushusha sauti, wamhurumie.
Mimi huruma sina. Nina wivu.
Vyangu viligeuka nini? Karatasi za bima,
sahihi tatu, na bahasha ya krona
iliyokwisha kabla ya kidonda.
Vyake vimelisha pwani hii tangu kabla ya kanisa,
vikavisha watoto, vikawasha taa,
hata aliyemkata akala.

Lakini si hilo. Andika vizuri, usirukeruke.

Kila tunapoua tusichokula,
kila tunapofichana jambo humu vyumbani,
uchafu wake huzama taratibu
ukamnasa nywele.
Nywele zikasokotana, zikafanya matope,
naye hawezi kuzichana.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
yeye hana hata hicho kimoja.

Basi hununa.
Huwaita sili wote, akawafungia chini ya taa yake,
na huku juu masufuria hulia matupu.
Wawindaji hunoa mikuki. Mikuki ya nini?
Mpaka mtu mmoja azame kwa ngoma na pumzi yake,
apite mbwa aliyelala mlangoni,
akae nyuma ya mgongo ule mpana,
amchane.
Fundo kwa fundo, bila kuharakisha.

Hapo ndipo ninapompendea.
Hakusema, "Yamepita."
Hakusema, "Sihitaji mtu."
Amekaa na hasira yake kama mwenye nyumba
na anasema: haya yamenipata, nywele zimenisonga, njooni.
Msipokuja, mtalala njaa.

Mimi sikuthubutu.
Miezi minne nilivaa kofia ya sufu hata kitandani.
Walioniletea supu niliwajibu "sijambo" kupitia mlango,
nao wakaniamini, au wakafurahi kuniamini.

Aliyeingia ni bibi yako Bolethe, hakubisha.
Alikuwa na chanuo la mfupa na kikopo cha mafuta.
Akanivua kofia, akaniangalia, akasema,
"Una kichwa kama wavu wa meli."
Akakaa nyuma yangu kutwa.
Nje siwa la barafu lilipasuka mara mbili;
hakuna aliyegeuka.
Lilipofunguka fundo la kisogoni
nililia kwa sauti ya mtoto wa mbwa.
Yeye akasema tu, "Kaa sawa."

Bahari haikufurika sili siku ile, Inuuteq,
usiandike hivyo.
Nilikula mkate. Nikaomba mwingine.

Alikuwa ameacha kuandika zamani.
"Mwalimu anataka sababu tatu," akasema.

Nikamwinulia mkono wa kulia.
Akahesabu mapengo, akauma kalamu,
akainama juu ya daftari.

Na samaki, nikakumbuka, bado hajatiwa chumvi.