Hodi Kabla ya Nakshi

Usiku wa kuamkia Jumatano, Langoni,
feni imezima, betri asilimia kumi na tisa,
nasoma habari ya kipya kilichoingia vivinjarini:
sasa mzazi aweza kumjua mwanawe.

Si mambo ya watu. Ni visanduku tu vya msimbo.
Miaka yote mtoto alimwona mzazi,
akarithi rangi yake, akarithi hata umbo la herufi,
mzazi akabaki kipofu kwa aliyemo tumboni mwake.
Tulimtuma Javaskripti, mjumbe mwenye kelele,
aende, achungulie, arudi na jibu.
Leo mstari mmoja. Nimecheka peke yangu.

Nikauchukua mbichi, nikaupachika
kwenye ukurasa wa Bi Shuweha wa kofia za vito:
ikiuzwa kofia, sanduku zima lajifunika kijivu.
Kwenye laptopu yangu, maridadi.
Kwenye simu ya Twalib, inayojisasisha yenyewe, maridadi.

Alfajiri Bi Shuweha yuko ngazini, uzi mdomoni.
"Ndoo utazame. Mato yangu yaona.
Ya Nassoro hayaoni."

Nassoro mwanawe yuko Salala, mlinzi wa ghala,
na simu ile ile aliyoondoka nayo,
kioo kina ufa, sasisho haipokei tena.
Kwake kofia zote zilikuwa hai, hata zilizokwenda.
Ameshapokea amana ya watu watatu
kwa kofia moja.

Nilitaka kusema kosa ni la simu.
Nikakumbuka: huyu hushona kofia
kwa kupima kichwa, si kwa kukilaumu.

Basi nikaketi.
Zamani tulimuuliza kivinjari jina,
naye akadanganya; wote hujiita majina ya wenzao,
ukiwasikiliza utadhani ni tumbo moja.
Siku hizi jina haliulizwi. Piga hodi,
taja kazi: hili walijua?
Akiitika, ingia na nakshi zako.
Akinyamaza, usivunje mlango;
neno "imeuzwa" liwe limekwishaandikwa barazani,
jeusi, bila pambo,
lisomeke hata nyuma ya ufa.

Ningeanza na neno hilo. Najua.

Bi Shuweha ananitazama vidole.
"Weye nawe watoboa," asema.
"Mimi nikitoboa huzungushia uzi.
Weye umeacha tundu."

Saa tano kasoro, sauti ya Nassoro yaingia,
nyuma yake mlio wa forklifti:
"Mama, ile ya zabibu kumbe imekwenda?
Hawa watatu niwaambieje?"
Kisha kimya kirefu, kama anahesabu noti.

Mama hakumjibu kwanza.
Alinigeukia, simu mkononi.
"Kwake maandishi. Kwangu kivuli.
Ni kofia ile ile?"

Ile ile, Bi Shuweha.

Akauma uzi, akakata.
"Haya. Mbili ntazishona."